Kriminolojia ianzie Kitale, si Italia

Kesi kubwa zaidi kuwahi kusikizwa nchi hii haikusikizwa kortini. Ilisikizwa darasani. Chumba cha skuli ya kilimo pale Kapenguria, kama kilomita 40 hivi kutoka Kitale mjini, ndicho kiligeuzwa korti mwishoni mwa mwaka 1952. Jomo Kenyatta akaingizwa humo pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Shtaka lilikuwa kusimamia chama haramu, yaani Mau Mau. Tarehe 8 Aprili 1953 wakapewa miaka 7 na kazi ngumu.

Hiyo unaijua, si ndio? Ulikariri majina sita darasa la sita ukapita mtihani. Sasa nikuulize kitu kingine. Kwa nini Kapenguria?

Mimi nilisomea kriminolojia miaka miwili kabla karo kunishinda niache chuo. Chuo sikitaji. Semista nne nzima, na hilo swali halikuulizwa hata siku moja. Tulifundishwa Cesare Lombroso, daktari wa Italia aliyechapisha kitabu mwaka 1876 akisema kuna watu wanazaliwa wahalifu, na unaweza kuwatambua kwa umbo la fuvu, taya na masikio. Tukafundishwa Beccaria, Mwitaliano mwingine. Tukafundishwa masomo ya Chicago, jinsi mitaa maskini inavyozaa magenge. Lekchara anasoma noti za manjano, sisi tunaandika. Dirishani unaona boda wanapita, polisi wanawasimamisha, shilingi inabadilisha mkono, na hakuna mtu darasani anasema "hebu tuangalie hiyo".

Sisemi Lombroso asifundishwe. Nitamrudia, kwa sababu kumbe jamaa alifika mpaka huku kwetu. Nasema tu kwamba mtu anayeishi Bungoma au Kitale amekaa juu ya historia ya haki ya jinai kama mtu amelalia godoro lenye pesa na hajui.

Tuanze na Kapenguria basi. Wale sita walikamatwa usiku wa kuamkia 21 Oktoba 1952, punde tu baada ya hali ya hatari kutangazwa. Kiambu ingekuwa mahali pa kawaida pa kuwashtaki, ama Nairobi. Lakini Nairobi kuna watu, kuna waandishi, kuna mawakili. Kapenguria hakukuwa na reli, hakukuwa na hoteli, hakukuwa na maktaba ya sheria. Na kufika huko ulihitaji kibali cha serikali.

Shida moja ikabaki: hakimu wa Kapenguria anapata wapi mamlaka juu ya watu waliokamatwa mbali hivyo? Hapa ndio utaona ujanja. Wakapelekwa Kapenguria, wakaachiliwa huru, halafu wakakamatwa tena pale pale. Sasa kwa karatasi wamekamatwa Kapenguria. Mambo safi. Hiyo ukifanya na simu ya wizi unaitwa mwizi, ikifanywa na serikali inaitwa utaratibu.

Kitale ndio ilibeba mzigo wa kulaza watu. Hakimu, Ransley Thacker, alikuwa jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa kesi hii peke yake. Yeye na mawakili walikuwa wanalala Kitale na kupanda Kapenguria kila siku. Na Kitale ya wakati huo ilikuwa ya walowezi, mashamba ya mahindi mpaka macho yachoke, na hoteli za wazungu zilikuwa za wazungu. D. N. Pritt, wakili mkuu wa utetezi kutoka London, angepata kitanda. Wenzake hawangepata. Wenzake walikuwa nani? H. O. Davies kutoka Nigeria. Diwan Chaman Lall kutoka India. Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya uwakili Tanganyika. A. R. Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh, Wahindi wa hapa Kenya. Timu moja, kesi moja, na usiku hawawezi kukaa meza moja hotelini kupanga maswali ya kesho. Waliokataliwa hoteli walipokelewa na familia za Wahindi wa Kitale.

Ukipita Kitale leo huoni kibao chochote cha kukwambia haya. Kuna makumbusho mazuri sana hapo, nyoka, mamba, nyumba za kienyeji, watoto wa shule wanajaa. Lakini mji wenyewe ulikuwa bweni la kesi iliyobadilisha Kenya, na sisi tunaujua kwa mahindi.

Thacker alimaliza kesi akalipwa pauni 20,000 juu ya mshahara. Alikaa peke yake, bila jopo la wananchi. Na hata hilo jopo lilikuwa na rangi: Kenya ya mkoloni, mzungu akishtakiwa kosa kubwa Mahakama Kuu alihukumiwa na jopo la wazungu wenzake. Mwafrika aliwekewa washauri tu, jaji anawasikiliza halafu anaamua anavyotaka. Washauri hao tulikaa nao mpaka 2007, mnaelewa? Miaka 44 baada ya uhuru.

Alafu kuna kichekesho. Mwaka huo huo wa 1953 Mahakama Kuu ilifuta hukumu. Sababu? Thacker alikuwa ameteuliwa hakimu wa Mkoa wa Kaskazini, na Kapenguria ilikuwa Mkoa wa Bonde la Ufa. Ujanja wote ule wa kuachilia na kukamata tena, halafu wanasahau kuangalia ramani! Upande wa mashtaka ukakimbia Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, na hukumu ikarudishwa. Baadaye Achieng Oneko alishinda rufaa, akaonekana hana hatia, na bado hakuachiliwa. Akabaki kizuizini. Kama kuna mwanafunzi wa haki ya jinai anataka kuelewa tofauti kati ya kufungwa na kuzuiliwa, huyo hapo Oneko, hakuna haja ya mfano wa Marekani.

Lakini mtu ambaye hunisumbua zaidi kwa hii kesi si hakimu. Ni shahidi.

Rawson Macharia ndiye alikuwa nguzo ya mashtaka. Alisimama akaapa kwamba alimwona Kenyatta akisimamia kiapo mwaka 1950. Ushahidi wake ndio ulimgusa Kenyatta mwenyewe moja kwa moja, na Thacker akauamini. Mwaka 1958, Kenyatta bado akiwa jangwani huko Turkana, Macharia akaapa hati mpya: nilidanganya, na nililipwa. Alilipwa nini? Hapa ndio nilisimama kusoma nikaenda nje kupumua. Aliahidiwa nauli ya ndege kwenda Uingereza, kozi ya miaka 2 ya serikali za mitaa katika chuo kikuu, pesa za kutunza familia yake, na kazi serikalini akirudi. Na safari aliipata kweli.

Nafasi ya chuo kikuu. Hiyo ndio ilikuwa bei.

Fikiria ni mwaka gani. Mwafrika wa Kenya kupata chuo cha Uingereza wakati huo ni kama wewe leo uambiwe kuna basari kamili, na chakula, na wa nyumbani watapelekewa pesa, na ukirudi kazi inakungoja. Watu wanamtukana Macharia ati msaliti, na sitamtetea. Lakini mimi nimekaa nje ya ofisi ya karo nikiambiwa jina langu halitatokea kwa orodha ya mtihani. Najua nafasi ya chuo inaweza kununua nini kwa mtu.

Na mwisho wake? Aliposema uongo kortini alipewa chuo. Aliposema alidanganya, alishtakiwa mwaka 1959 kwa kuapa hati ya uongo, akafungwa. Korti ilimwadhibu kwa sentensi ya pili, si ya kwanza. Kama unafundisha kuhusu mashahidi, sijui utatoa wapi mfano mkali kuliko huu.

Kuna kitu kingine hiyo orodha ya mawakili inakuonyesha ukiiangalia vizuri. Nigeria, India, Jamaika, Uingereza, Wahindi wa Kenya. Mwafrika wa Kenya yuko wapi? Hakuwepo kwa sababu karibu hakuna aliyekuwepo. Argwings-Kodhek, yule mwenye barabara Nairobi, anayehesabiwa kuwa wakili wa kwanza Mwafrika wa Kenya, ndio alikuwa anaanza. Serikali ya mkoloni ilikuwa radhi kukusomesha ualimu, udaktari wa mifugo, ukarani. Sheria, hapana. Mtu anayejua sheria ataanza kuuliza maswali. Makerere ilikaa miaka yote hiyo bila kufundisha sheria, ikaanza 1968. Na mabwana DC waliokuwa wakihukumu watu wilayani wengi hawakuwa mawakili hata. Walipitia kozi fupi za sheria Oxford au Cambridge, wakaletwa huku. Yule anayekusanya kodi ndiye anakuhukumu kwa kukosa kulipa kodi.

Shule ya kwanza ya sheria ya chuo kikuu Afrika Mashariki ilifunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Wanafunzi 14. Wakenya, Waganda na Watanganyika pamoja. Ndio chanzo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kile kikubwa cha leo: kilianza na sheria kabla ya kitu kingine chochote. Nairobi wakafungua kitivo chao 1970. Kriminolojia kama digrii ya kujisimamia imekuja juzi juzi tu, na huku kwetu unaipata kwa mfano Masinde Muliro pale Kakamega.

Na hapo kwa jina Masinde lazima nisimame, kwa sababu watu wengi wa rika letu wanachanganya. Masinde Muliro alikuwa mwanasiasa, aliingia bunge la mkoloni 1957, akapigania vyama vingi, akafa 1992. Huyo ndiye chuo kilipewa jina lake. Elijah Masinde ni mwingine. Elijah ndiye ningemfundisha wiki ya kwanza.

Kukhu wangu akimtaja Elijah Masinde hushusha sauti, kama mtu anaweza kuwa anasikiza nje ya mlango. Alikuwa wa Kimilili, hapa Bungoma. Mchezaji mpira mkali, alivaa jezi ya Kenya dhidi ya Uganda kwenye kombe la Gossage. Halafu akapata kazi gani? Kazi ya korti. Alikuwa akipeleka samansi za baraza la wenyeji la Kavujai. Kwa hiyo jamaa aliijua haki ya mkoloni kutoka ndani, alijua nani anaitwa na nani haitwi.

Miaka ya 1940 akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa. Ujumbe ulikuwa mfupi: wageni waondoke, turudi kwa mila zetu, ardhi ni yetu. Akakataa kazi za lazima, akagombana na watu wa chifu, akafungwa. Na hapa serikali ikafanya kitu ambacho kwangu ni kibaya kuliko jela. Mwaka 1945 ikasema huyu ni mwendawazimu, ikampeleka Mathari, Nairobi. Akakaa huko mpaka 1947.

Elewa maana yake. Mfungwa ana tarehe ya kutoka. Mfungwa anaweza kukata rufaa. Mwendawazimu hana hoja; kila anachosema ni dalili. Akisema ardhi iliibwa, daktari anaandika.

Mkubwa wa Mathari wakati huo alikuwa J. C. Carothers. Alipopewa hospitali hiyo mwaka 1938 alikuwa daktari wa kawaida tu, hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Miaka hiyo ya Mathari ndiyo ilimpa mali ya kuandika. Mwaka 1951 akachapisha makala akisema ubongo wa Mwafrika wa kawaida unafanya kazi kama wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ikamlipa aandike kuhusu saikolojia ya Mau Mau, na akaeleza vita vya ardhi kama ugonjwa wa watu waliochanganyikiwa na maendeleo. Ile ile ya Lombroso, wasee. Lombroso alipima fuvu la jambazi wa Calabria, kusini maskini ya Italia, akasema uhalifu umo mfupani. Carothers akaangalia Wakenya akasema umo ubongoni. Wote wawili waliangalia watu maskini waliokasirika wakatafuta sababu ndani ya kichwa, ili mtu asitafute nje, kwa mashamba ya Kitale.

Ndio nasema kozi ingeanzia huku. Lombroso angeingia wiki ya tatu kupitia Mathari, na kila mwanafunzi kutoka Kimilili angekaa wima kwa kiti.

Masinde alipotoka hakunyamaza. Septemba 1947 aliwapeleka wafuasi wake Chetambe, kilima kile cha karibu na Webuye, kuwakumbuka Babukusu waliouawa na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Tarehe 10 Februari 1948 umati ukafika kituo cha polisi cha Malakisi, polisi wakafyatua risasi, watu 11 wakafa. Wiki hiyo hiyo ya msako dini ikapigwa marufuku, chama haramu. Angalia hayo maneno tena: chama haramu. Ni shtaka lile lile wale sita wa Kapenguria walisomewa miaka minne baadaye. Sheria ilifanyiwa mazoezi Bungoma kwanza.

Masinde akahamishwa Lamu, zaidi ya miaka 10. Uhuru ukaja. Dini ikasajiliwa 1964, na 1968 ikapigwa marufuku tena, safari hii na serikali yetu wenyewe, ikiongozwa na mtu aliyewahi kukaa kizimbani Kapenguria kwa kosa la chama haramu. Masinde akaingia jela tena na tena. Moi ndiye alimwachilia 1978. Akafa 1987.

Najua lekchara mmoja atasema hii ni historia, peleka idara ya historia. Lakini Kanuni ya Adhabu tunayoitumia, Sura ya 63, ni ya mwaka 1930. Imewekwa viraka vingi, lakini shuka ni lile lile. Waliokamatwa Juni 2024 barabarani na kutajiwa "mkusanyiko haramu", hayo maneno hayakutungwa juzi. Ukikamatwa usiku Kitale ukienda zako nyumbani ukaambiwa unazurura, kuna kijana mwingine alisomewa hivyo hivyo kabla babu yako kuoa. Mwanafunzi wa haki ya jinai asiyejua hilo atakuwa afisa wa magereza, ama wa uchunguzi, ama wa urekebishaji, na ataona kazi yake ni kufuata utaratibu. Thacker pia alifuata utaratibu.

Mimi sina digrii na sitajifanya profesa. Lakini walimu wa hii kozi wengi ni vijana siku hizi, na najua wengine mnasoma hapa. Acheni hata lekcha moja. Pangeni matatu moja ya kwenda Kapenguria. Seli walizofungiwa wale sita ziko, ni makumbusho. Muwape wanafunzi hati ya Macharia na ushahidi wake wa kwanza waweke mezani pamoja, waamue nani anadanganya na lini. Halafu mtu mmoja atumwe Kimilili na Malakisi na simu ya kurekodi, kwa sababu wazee waliokuwa watoto mwaka 1948 sasa wamepita miaka 80.

Sisi hatungoji. Jumamosi hii niko na wanne, wawili bado wako chuoni, wawili waliacha kama mimi. Wa Bungoma wanakuja na gari ya kwanza, tunakutana steji ya Kitale saa tatu asubuhi, tunapanda Kapenguria. Jumamosi ijayo ni Malakisi. Kama una babu, kuka au kukhu anayekumbuka ile siku ya risasi na yuko tayari kuongea, niandikie kabla ya Ijumaa.